Ramani ni ya kijani, ng'ombe wamekonda: nani yuko sahihi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Shirika letu dogo lina ofisi Mwenge, Dar es Salaam. Tumepewa kazi ya kueleza kama tija ya nyanda za malisho za wilaya za Kiteto na Simanjiro imepanda au imeshuka tangu mwaka 2000. Nimechora ramani ya mwelekeo wa NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea) kwa data za MODIS, kihisi cha setilaiti, na sehemu kubwa imetoka kijani, yaani imepanda. Wafugaji tuliowahoji wanasema kinyume: nyasi zimepungua na mifugo inafika mwisho wa kiangazi imekonda. Tumwamini nani? Na je, tutenge fedha za kununua picha kali za setilaiti za kulipia?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Usimwite yeyote mwongo kwanza. Ramani yako na wafugaji wako wanaweza wote kuwa sahihi, kwa sababu wamepima vitu viwili tofauti.

NDVI ni hesabu fupi: chukua mwanga wa infraredi ya karibu unaorudi kutoka ardhini, toa mwanga mwekundu, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Jani bichi hunyonya mwekundu na kurudisha infraredi, kwa hiyo jibu hupanda. Udongo mtupu hutoa takriban 0.1 hadi 0.2, na uoto uliofunga hutoa 0.6 kwenda juu. Hesabu hiyo haijui kama jani ni la nyasi, la mgunga, la muhindi au la gugu ambalo hakuna ng'ombe anayeligusa. Nyasi kavu, ambazo ndizo mfugaji anazitegemea Agosti na Septemba, karibu haizioni kabisa. Mfugaji yeye anapima kitu kimoja: nyasi zinazolika, zilizo ndani ya mwendo wa ng'ombe kutoka kwenye maji, katika miezi migumu.

Mvutano huu uko dunia nzima. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, kwa data za setilaiti za 1982 hadi 2009, ulikuta kati ya asilimia 25 na 50 ya maeneo yenye uoto duniani yakizidi kuwa na majani na chini ya asilimia 4 yakipungua. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilielezwa na kaboni dioksidi iliyoongezeka hewani. Kwa upande mwingine, ripoti ya mwaka 2024 ya UNCCD, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na kuenea kwa jangwa, ilisema hadi nusu ya nyanda za malisho duniani zimechoka. Ukizisoma namba hizo mbili bila kuuliza kila moja imepima nini, utaishia palepale ulipo wewe leo.

Kazi iliyo mbele yako ni kuondoa kwenye ule ukijani, kimoja baada ya kingine, kila kisicho malisho.

Anza na data zenyewe

Mielekeo mingi ya ajabu huzaliwa kwenye kompyuta. Kwa MODIS, tumia toleo la 6.1. Toleo la 5 lilikuwa na ushukaji wa uongo uliotokana na kuchakaa kwa kihisi kilicho kwenye Terra, mojawapo ya setilaiti zinazobeba MODIS, na bado lipo kwenye makabrasha ya watu. Zidisha kila thamani kwa 0.0001, kisha tumia safu ya ubora inayokuja na data: bakiza pikseli (vile vipande vidogo vinavyounda picha) zenye alama 0, zenye alama 1 zipe uzito mdogo, na 2 na 3 zitupe, kwani 3 ni wingu. Usipotupa mawingu, miezi ya mvua ndiyo itakayoonekana mikavu, na mwaka wenye mawingu mengi utaonekana mbaya kumbe ndio uliokuwa mzuri. Jua pia kwamba tangu 2020 Terra haishikiliwi tena kwenye saa yake ya kupita, ambayo ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Inapita mapema kidogo kidogo, pembe ya jua inabadilika, na vivuli navyo. Kwa miaka ya mwisho, linganisha na VIIRS, kihisi kipya zaidi cha aina hiyo, kabla hujasema chochote.

Ukihamia Landsat au Sentinel-2, setilaiti zenye picha kali zaidi na za bure, kuna mtego mwingine. Landsat ya Mkusanyo wa 2 inahitaji uzidishe kwa 0.0000275 kisha utoe 0.2. Wengi hudhani kwa kuwa NDVI ni uwiano, vipimo hivi vitafutana. Kizidisho hufutana, kitolewa hakifutani. Sentinel-2 inaonyesha jambo hili waziwazi: kuanzia tarehe 25 Januari 2022 waendeshaji wake waliongeza 1000 kwenye kila thamani. Chukua uwanda wenye mwekundu 0.10 na infraredi 0.30. Kabla ya tarehe hiyo faili linasema 1000 na 3000, na NDVI ni 0.50. Baada ya tarehe hiyo uwanda uleule unaandikwa 2000 na 4000, na usipotoa ile 1000 NDVI inakuwa 0.33. Malisho "yamekufa" bila jani moja kuguswa. Ukitumia Google Earth Engine, chagua ule mkusanyo wa Sentinel-2 uliokwisha sawazishwa na shida hii inaondoka.

Kazi yote hii ifanyie Earth Engine, ambako hesabu inafanyika kwenye mashine zao. Kwa kazi isiyo ya biashara ni bure, na unashusha jedwali dogo la mwisho badala ya kumaliza bando la ofisi kwa mamia ya picha. Kuna pia Trends.Earth, programu-jalizi ya QGIS (programu ya bure ya ramani), iliyo rahisi zaidi kwa asiyeandika kodi. Itakusaidia hasa kama mfadhili anataka kiashiria 15.3.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu (sehemu ya ardhi iliyochoka), kwa sababu imejengwa kwa ajili hiyo: inatazama mwelekeo, hali ya karibuni ikilinganishwa na kipindi cha msingi cha 2000 hadi 2015, na ufanisi wa kila pikseli ikilinganishwa na pikseli zenye udongo na uoto wa aina yake. Ni kiashiria kizuri cha taifa. Kwa kijiji kimoja ni kipana mno.

Mwaka ulioanzia ndio unaoamua

Tazama tena miaka yako. MODIS inaanza Februari 2000, na kipindi cha 1999 na 2000 kilikuwa cha ukame mkali Afrika Mashariki. Mwisho wa mfululizo kuna mvua kubwa za Oktoba hadi Desemba 2019, na El Niño ya 2023/24. Ukivuta mstari kutoka shimoni hadi kilimani, utapanda tu. Sahel ilipata jambo hilohilo: rekodi ya AVHRR, kihisi cha setilaiti kilichotangulia MODIS, ilianza 1981, ukame mbaya ukaja 1983 na 1984, na kwa miaka mingi watu wakaandika kuhusu "jangwa linalorudi kijani" wakati sehemu kubwa ya kijani hicho ilikuwa mvua kurejea.

Tiba yake ni mbili. Ya kwanza, acha kuhesabu kwa mwaka wa kalenda. Huko mvua inavuka Desemba, kwa hiyo Januari hadi Desemba inachanganya nusu ya msimu mmoja na nusu ya msimu mwingine. Hesabu Oktoba hadi Septemba, na uanze na msimu wa 2000/01 kwa sababu wa 1999/2000 haujakamilika kwenye data. Ya pili, rudia hesabu ukitoa misimu mitatu ya mwanzo, kisha ukitoa mitatu ya mwisho, kisha ukitoa yote sita. Kama alama inageuka kutoka kupanda kwenda kushuka, huna mwelekeo. Una bahati ya kalenda. Kwa mstari wenyewe tumia mteremko wa Theil-Sen, ambao hauvutwi na mwaka mmoja wa ajabu kama regresheni ya kawaida, na upime uhakika wake kwa kipimo cha Mann-Kendall. Mpe Mann-Kendall thamani moja kwa kila msimu. Ukimlisha vipande 23 vya siku 16 vya kila mwaka bila kurekebisha, atakuambia kila kitu kina uhakika, kwa sababu kipande kimoja kinafanana na jirani yake.

Toa mvua

Hapa ndipo penye kiini cha hesabu. Kwa kila pikseli, jumlisha NDVI ya msimu kuanzia Oktoba hadi Juni, baada ya kutoa kwanza thamani ya udongo mtupu wa eneo hilo, tuseme 0.15. Kisha jumlisha mvua ya msimu huo kutoka CHIRPS, hifadhi ya data za mvua ambayo inarudi hadi 1981 kwa chembe za takriban kilomita 5. Usikariri dirisha moja la mvua. Jaribu Oktoba hadi Aprili, Novemba hadi Mei, na jaribu kuongeza mvua ya msimu uliotangulia, maana mashina ya nyasi za kudumu hubeba deni la mwaka jana. Chukua dirisha linaloeleza NDVI vizuri zaidi.

Kisha weka mlinganyo. Tuseme umepata: jumla ya ukijani = 1.8 + 0.004 × mvua kwa milimita. Msimu wenye milimita 500 ulitakiwa kutoa 3.8. Setilaiti imeona 3.5. Upungufu wa 0.3 ndio baki, yaani kile ambacho mvua haikieleza. Panga mabaki yote kwa miaka na uvute mteremko wa Theil-Sen juu yake. Mabaki yakizidi kushuka, ardhi inatoa majani machache kwa mvua ileile, na hapo ndipo una haki ya kuanza kuzungumzia kuchoka kwa ardhi. Njia hii inaitwa RESTREND.

Ina masharti, na wengi huyaruka. Kama r mraba ya mlinganyo (sehemu ya mabadiliko ya NDVI inayoelezwa na mvua) ni chini ya 0.3, achana na pikseli hiyo. Mabondeni, kando ya mito na kwenye mbuga zenye maji ya chini, mvua ya siku zilezile haisemi mengi. Tena, kama ardhi iliharibika ghafla katikati ya kipindi, mstari mmoja wa mvua utapinda kati ya hali mbili na kuficha uharibifu wenyewe. Kwa hiyo chora nukta za NDVI dhidi ya mvua kwa maeneo kadhaa na uzitazame kwa macho. Ukiona mawingu mawili ya nukta, ya miaka ya mwanzo juu na ya mwisho chini, gawanya mfululizo. CHIRPS nayo inachanganya setilaiti na vituo vya ardhini, na idadi ya vituo inabadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo linganisha angalau na kituo kimoja cha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kilicho karibu na eneo lako.

Wengine watakushauri ugawanye tu NDVI kwa mvua na kuita jibu "ufanisi wa mvua". Kwa mimi hiyo ni njia ya haraka ya kujidanganya. Mwaka mkavu huonyesha ufanisi mkubwa kwa sababu tu kigawanyo ni kidogo, na ufanisi unashuka kila mvua inapoongezeka hata kama nyasi zina afya.

Kijani hicho ni cha nani?

Baada ya kutoa mvua, huenda bado ukabaki na kijani kinachopanda. Sasa anza kushuku vichaka.

Uwanda unapolishwa sana, nyasi za kudumu hudhoofika, moto unakosa kuni, na miche ya migunga ambayo zamani ingeungua inapona. Baada ya miaka kumi na tano una kichaka. Kwa setilaiti pamestawi: majani mengi, kwa miezi mingi zaidi. Kwa ng'ombe pamefungwa. Mbuzi watafaidi kidogo, na hilo nalo uliandike, maana kushuka kwa malisho ya ng'ombe si lazima kuwe kushuka kwa malisho ya kila mnyama.

Namna ya kutenganisha nyasi na vichaka ni kutumia majira. Nyasi hupanda na kushuka haraka: kilele ni mwishoni mwa mvua, na kufika Julai zimekauka. Miti na vichaka vingi hukaa na majani kwa muda mrefu zaidi, na mingine huchipua kabla ya mvua kunyesha. Kwa hiyo kwa kila mwaka chukua namba mbili: kiwango cha chini kabisa cha NDVI kati ya Julai na mwanzo wa Septemba, na tofauti kati ya kilele na kiwango hicho cha chini. Cha chini kikizidi kupanda mwaka hadi mwaka huku tofauti ikisinyaa au ikisimama, ukijani wako mpya ni wa miti. Tofauti ikipanda, hapo kweli nyasi au mimea ya msimu imeongezeka. Usipitilize na dirisha lako hadi Oktoba, kwa sababu miti itakuwa imeshaanza kuchipua na utapima jambo jingine. Ondoa pia pikseli zilizoungua mwaka huo. Kovu la moto hushusha namba, na machipukizi yanayofuata huipandisha.

Kisha thibitisha kwa macho. Tupa nukta 200 bila upendeleo ndani ya eneo, kila moja iwe na kiwanja cha mita 50 kwa 50, na ufungue picha za miaka tofauti kwenye Google Earth. Kwa kila kiwanja kadiria sehemu iliyofunikwa na vivuli vya miti mwanzoni na mwishoni. Watu wawili wafanye nukta zilezile bila kuonyeshana majibu. Wakitofautiana sana kwenye nukta nyingi, kubalianeni upya kichaka ni nini kabla ya kuendelea.

Mashamba ni mshukiwa wa pili, na Kiteto ni mshukiwa mkubwa, kwani huko mahindi yamekula nyanda kwa kasi. Shamba la mahindi mwezi Machi ni kijani kuliko uwanda uliolishwa. Pikseli iliyogeuka shamba mwaka 2010 itaonekana imeboreka, kumbe kwa mfugaji imefika sifuri, ukiacha mabua baada ya mavuno. Lazima uondoe mashamba ya kila kipindi, siyo ya leo tu. Ramani za WorldCover, zinazoonyesha aina ya uoto na matumizi ya ardhi kwa mita 10, zipo za 2020 na 2021, lakini zilitengenezwa kwa mbinu mbili tofauti, kwa hiyo usizitoe moja kwa nyingine na kuita jibu mabadiliko. Kwa miaka ya nyuma itabidi uchore mashamba mwenyewe kutoka Landsat. Inachosha. Ifanye hivyohivyo.

Wa tatu ni magugu. Gugu karoti, kwa mfano, huzidi kupata nguvu pale nyasi zilipoondolewa, na setilaiti inaliona kama baraka. Hili hutalipata ofisini. Lazima mtu akanyage.

Kukata na kupima

Huwezi kuandika neno "tija" kwa uhakika bila kilo za nyasi kavu. Utakutana na bidhaa kama WaPOR ya FAO zinazotoa uzalishaji wa mimea moja kwa moja kwa uzito, na ni nzuri kwa kulinganisha maeneo, lakini nazo hazitenganishi nyasi na kichaka.

Vifaa ni vya kawaida. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea fremu ya nondo ya milimita 6, nusu mita kwa nusu mita ndani. Nunua mikasi ya bustani, mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja, na mifuko ya karatasi ya khaki. Mifuko ya plastiki haifai; nyasi zitaoza njiani. Chagua maeneo 30 yanayowakilisha aina kuu za udongo na uoto, kila moja likiwa ndani ya uwanda unaofanana kwa angalau mita 500 kila upande, ili pikseli ya MODIS ya mita 250 isiwe imekaa nusu kwenye shamba la mtu. Kila eneo weka mistari miwili ya mita 50 na fremu 10 kwa kila mstari, moja kila mita 5. Fremu inaangukia pale kamba inaposema, hata pakiwa patupu. Mtu akianza kuisogeza kidogo "ipate nyasi nzuri", tupa kazi ya siku hiyo.

Nenda mwishoni mwa Aprili hadi Mei, nyasi zinapofikia kilele. Kata kwa urefu wa sentimita 2 kutoka ardhini, na utenganishe palepale: nyasi zinazolika, nyasi na magugu yasiyolika, na mabua ya kijivu ya mwaka jana. Hayo ya kijivu ndiyo huharibu hesabu za wengi. Ukiyaweka pamoja, unaongeza mavuno ya mwaka jana kwenye ya mwaka huu. Andika pia kama nyasi ni za kudumu au za msimu; uwanda ambao *Themeda* (nyasi nzuri ya malisho) imepungua na *Aristida* (nyasi hafifu) kujaa unaweza kutoa kilo zilezile huku chakula kikiwa kimeshuka.

Kausha kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 65 za Selsiasi, saa 48, kisha pima, rudisha kwa saa chache, pima tena, hadi uzito usibadilike. Kama mnakaushia Dar es Salaam, pimeni mifuko ikitoka tu tanurini. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na nyasi kavu zikiachwa mezani usiku kucha huvuta maji na kuongeza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Mfuko wa Jumatatu na mfuko wa Alhamisi hautalingana, na hutajua kwa nini. Hesabu ya mwisho ni rahisi: gramu za fremu ya robo mita ya mraba zidisha kwa 40, unapata kilo kwa hekta. Gramu 38 ni kilo 1,520.

Bado hiyo ni nyasi iliyosimama, na iliyosimama siyo tija. Tija ni iliyoota, pamoja na iliyokwisha liwa. Njia ya kuipata ni vizimba vya waya vya mita moja kwa moja, vitatu kwa kila eneo, vinavyohamishwa kila wiki nne. Tuseme siku unayoweka kizimba, nje kuna kilo 600 kwa hekta. Baada ya wiki nne ndani kuna 1,050 na nje kuna 550. Zilizoota ni 450, na mifugo imekula 500. Aliyepita barabarani na aliyeangalia setilaiti wote wataona uwanda umeshuka kidogo, wakati umeota vizuri na umelisha vizuri. Kisha kizimba unakihamishia mahali pengine palipolishwa kama pale nje. Ukikiacha palepale msimu mzima unapima bustani. Kubalianeni na serikali ya kijiji kuhusu ulinzi kabla ya kuweka, kwa sababu waya mzuri una kazi nyingine nyingi.

Ukipata kilo za maeneo 30, zilinganishe na jumla ya NDVI ya msimu huohuo, nyasi peke yake. Mlinganyo huo utumie kwa maeneo yenye miti michache tu, na usiazime mlinganyo wa kutoka Afrika Kusini au Mongolia ukadhani utakaa.

Turudi kwa wafugaji

Swali la "malisho yamepungua?" ni bovu, kila mtu atasema ndiyo. Uliza mambo yanayohesabika. Mwaka wa ukame wa 2009, nyasi za alalili (malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi) ziliisha mwezi gani, na msimu uliopita ziliisha mwezi gani? Zamani ng'ombe walilala wapi Septemba, na sasa pana nini? Nyasi gani hamzioni tena, na ziliota wapi? Majibu yawekeni kwenye ramani.

Mara nyingi utagundua kwamba malalamiko yamebeba mambo matatu: kilo kwa hekta zimeshuka, hekta zenyewe zimepungua, na zilizobaki hazifikiki kwa sababu ya shamba, mpaka au kukosa maji. Kwenye ripoti yatenganisheni. Uwanda unaotoa kilo zilezile kwa hekta lakini umepoteza theluthi ya eneo lake haujachoka. Umenyang'anywa, na dawa yake iko kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, siyo kwenye mbegu za nyasi. Ramani yako ya NDVI, ambayo imehesabu mashamba hayo kama maboresho, ingemshauri mfadhili kinyume kabisa.

Kama ripoti inatakiwa kabla ya msimu wa kukata, andikeni kwamba ukijani wa jumla umepanda, toeni sehemu inayoelezwa na mvua, na sehemu iliyo ndani ya mashamba na vichaka, halafu mseme wazi kwamba kilo za nyasi hazijapimwa. Msiandike neno "tija" kwenye kichwa cha ramani hiyo.

Kuhusu kununua picha: hapana. Picha kali itakuonyesha kila mgunga na kila boma, lakini hata ikiwa na ukali wa nusu mita haikuambii kilo za nyasi wala kama zinalika, na za nyuma hadi 2000 utazipata kwa vipande tu. Vivuli vya miti utavihesabu bure kwa zile nukta 200. Fedha hiyo itumieni kwa mafuta ya gari, posho za vijana wanne wa kukata, na waya wa vizimba.